Kutoka mchezaji wa gofu hadi mwalimu wa muda: njia ya PGA, kozi fupi au kujitolea?

Kuna wachezaji wa gofu ambao hawawezi kufika uwanja wa mazoezi bila mtu kuwaomba: "Hebu nitazame kidogo, mpira wangu unakwenda kulia tu." Wamecheza tangu utotoni, handikapu yao (namba ya kiwango cha mchezaji, ambayo ikiwa ndogo anacheza vizuri zaidi) inaheshimika, na ushauri wao umekuwa wa bure kwa miaka mingi. Siku moja wazo linaingia na halitoki tena: kwa nini nisifundishe rasmi, jioni mbili tatu kwa wiki na Jumamosi asubuhi, huku kazi yangu ya kila siku ikiendelea?

Mimi ni mmoja wao, na sasa nafundisha kwa muda. Wenzangu wanaotaka kufuata huniuliza swali lile lile: nianzie wapi? Niingie mafunzo marefu ya PGA, yaani chama cha wanagofu wa kulipwa, nisome kozi fupi ya siku chache, au nibaki kujitolea? Hapa naziweka njia hizo tatu bega kwa bega. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: ukubwa wa cheti si jambo la kwanza. La kwanza ni kama bado unataka kushindana kama mchezaji wa ridhaa, na la pili ni nani hasa unataka kumfundisha. Ukishajibu hayo mawili kwa dhati, sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha.

Hadhi ya ridhaa, kabla ya malipo ya kwanza

Hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kanuni za hadhi ya ridhaa hutungwa na R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, na toleo jipya lilianza kutumika Januari 1, 2022. Toleo hilo lililegeza mengi. Mchezaji wa ridhaa anaweza sasa kupata mdhamini, kutangaza bidhaa na kulipiwa gharama za safari. Kufundisha kwa malipo, hata hivyo, kumebaki palepale. Ukipokea fedha au kitu kingine cha thamani kwa kumfundisha mtu gofu, hadhi yako ya ridhaa imekwisha siku hiyo. Kiasi ulicholipwa hakijalishi, na kuwa na cheti au kutokuwa nacho hakubadilishi kitu. Kuajiriwa kama mwalimu wa klabu au wa uwanja wa mazoezi kuna matokeo hayo hayo, na vilevile kujiunga na chama cha wachezaji wa kulipwa.

Misamaha ipo, lakini ni michache. Mwajiriwa wa shule, chuo au kambi ya vijana anaweza kufundisha gofu ndani ya kazi yake, mradi muda wa gofu usifikie nusu ya muda wote wa majukumu yake. Programu zilizoidhinishwa mapema na shirikisho la gofu la taifa zinakubalika. Mafunzo ya maandishi au ya mtandaoni yanaweza kulipiwa pia, ila yasimlenge mtu mahsusi. Kwa hiyo video ya jumla kuhusu mshiko inaruhusiwa, lakini mtu akikutumia video ya swingi yake, yaani mzunguko wake wa fimbo anapopiga, ukamchambulia na kumtoza, umevuka mstari.

Nasisitiza hili kwa sababu ya aina ya mtu tunayemzungumzia. Aliyecheza maisha yake yote mara nyingi yumo kwenye timu ya klabu, hucheza ubingwa wa klabu kila mwaka, na rafiki zake wa karibu amewapata huko huko. Mapato ya masomo machache ya Jumamosi huenda yasilingane na anachokipoteza. Inawezekana kuomba kurejeshewa hadhi kupitia shirikisho la nchi yako, lakini kuna kipindi cha kusubiri, na katika kipindi hicho hufundishi kwa malipo. Kucheza na marafiki hakuguswi kabisa. Kinachoguswa ni mashindano ya ridhaa.

Ukijikuta unasema "siwezi kuacha mashindano," ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kujitolea. Ukisema "nimeshashindana vya kutosha," endelea.

Njia ndefu: PGA

Vyama vya PGA ndivyo vikongwe. Cha Uingereza na Ireland kilianzishwa mwaka 1901, cha Marekani mwaka 1916, na nchi nyingi zina chama chao chenye muundo wa namna hiyo. Hutoi ada leo ukapewa cheti kesho. Unafanya kazi ndani ya sekta ya gofu, mara nyingi chini ya mwanachama aliyehitimu, huku ukisoma kwa miaka kadhaa. Kwa Uingereza ni kama mitatu. Masomo yanagusa swingi na namna ya kufundisha, kanuni za mchezo, utengenezaji na upimaji wa fimbo, uendeshaji wa duka na wa mashindano, pamoja na usimamizi wa klabu.

Ukiisoma orodha hiyo vizuri unaona tatizo la mtu wa muda. Njia hii imejengwa kwa ajili ya mtu anayetaka gofu iwe riziki yake yote. Mhasibu au muuguzi anayetaka kufundisha saa sita kwa wiki atasoma namna ya kuagiza bidhaa za duka ambalo hatalisimamia kamwe, na zaidi ya hayo ataombwa awe na ajira inayotambulika ndani ya sekta hiyo. Wapo wanaomudu, hasa wenye kazi za zamu au biashara zao wenyewe. Wengi hushindwa si kwa akili bali kwa kalenda.

Halafu kuna jaribio la kucheza. La Marekani ndilo linalotajwa sana. Katika muundo wake uliozoeleka unacheza mashimo 36 kwa siku moja, na alama ya kufaulu ni kiwango cha ugumu wa uwanja mara mbili, kisha unaongeza 15. Uwanja ukiwa na kiwango cha 71, mara mbili ni 142, ongeza 15 unapata 157. Yaani wastani wa mikwaju 78 na nusu kwa kila mashimo 18. Tii, yaani sehemu za kuanzia kupiga, hupangwa kwa kuzingatia umri na jinsia.

Kwa mchezaji mwenye handikapu ya 4 au 5, hesabu hiyo kwenye karatasi inaonekana rahisi. Uwanjani ni kitu kingine. Handikapu hujengwa na raundi zako bora 8 kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo haisemi unapiga ngapi siku ya kawaida. Inasema unapiga ngapi ukiwa vizuri. Jaribio linataka raundi mbili mfululizo, siku unayopangiwa, kila mpira ukiingizwa shimoni, bila rafiki wa kukwambia "huo umeshaingia, uokote." Kufikia shimo la 30 miguu imechoka, na sentimita 80 zilizobaki kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, zinaonekana mara mbili. Atakayejiandaa na afanye mazoezi ya mashimo 36 kwa siku moja zaidi ya mara moja, akitembea kama atakavyotembea siku yenyewe. Na tumia muda mwingi kwenye mikwaju ya karibu na grini kuliko kwenye draiva, fimbo ya mikwaju mirefu, kwa kuwa wanaoshindwa mara nyingi huporomoshwa na mashimo mawili matatu mabaya, si na wastani wa mchezo wao.

Unapata nini mwishoni? Unapata jina ambalo klabu kubwa zinalitambua bila maelezo. Klabu inapotafuta mwalimu wake mkuu au msaidizi wake, mara nyingi tangazo litataka mwanachama wa PGA na hapo mjadala unakwisha. Unapata mtandao wa wenzako, masomo ya kujiendeleza kila mara, na katika vyama vingi bima inayoendana na uanachama. Kwa upande wa wanawake, LPGA, chama cha wanagofu wanawake wa kulipwa cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1950, kina tawi lake la walimu lenye ngazi zake za kufuzu, na mwalimu wa LPGA hahitaji kuwa amewahi kushiriki mashindano ya kulipwa. Watu wengi huikosa njia hiyo kwa sababu wanadhani LPGA ni mashindano tu.

Njia fupi: kozi ya siku chache

Mfano unaojulikana zaidi ni USGTF, shirikisho la walimu wa gofu la Marekani lililoanza mwaka 1989, ambalo lina vyama ndugu katika nchi nyingine. Wazo lake lilikuwa kutenganisha kufundisha na mambo mengine yote ya klabu. Hakuna duka, hakuna usimamizi wa wafanyakazi. Unakaa darasani na uwanjani siku chache, unajifunza kuchambua swingi na kuendesha somo, unafanya mtihani, kisha unarudi kazini kwako. Kuna kipimo cha kucheza kwenye ngazi za juu, lakini si kizito kama kile cha PGA.

Kwa mtu wa muda, faida yake inaonekana mara moja: likizo moja ya kazi inatosha. Gharama ni sehemu ndogo ya ile ya miaka mitatu, na maudhui yote yanahusu kile utakachokifanya. Nikiulizwa na mtu wa miaka hamsini na kitu anayetaka kufundisha wanaoanza, huku ndiko ninakomwelekeza.

Udhaifu wake usifichwe, hata hivyo. Siku chache hazimfanyi mtu mwalimu. Zinampa lugha ya pamoja na mpangilio wa kichwani, basi. Anayetoka kwenye kozi bado hajamwona mtoto wa miaka saba akikataa kushika fimbo inavyotakiwa, wala mzee mwenye nyonga mbovu ambaye swingi ya kitabuni haiwezekani mwilini mwake. Ndiyo maana nasema kozi fupi bila mwalimu mzoefu wa kukaa pembeni yake ni nusu ya mafunzo. Tafuta mtu anayefundisha vizuri, mwombe umbebee mipira, usimame kimya masomo yake yakiendelea, na umuulize baadaye kwa nini alisema neno moja tu wakati wewe uliona makosa matano. Walimu wengi hukubali wakiombwa kwa adabu, maana wengi wao walianza hivyo hivyo.

Udhaifu wa pili ni kutambulika. Kuna viwanja ambavyo mwalimu mkazi ana mkataba wa kufundisha peke yake, na cheti chako kingekuwa cha dhahabu kisingekufungulia lango. Kabla ya kulipa ada, nenda uwanja unaotaka kufundishia, uliza ana kwa ana kama wanapokea walimu wa nje na kwa cheti gani. Jibu la dakika tano linaweza kukuokolea akiba ya mwaka.

Ipo pia aina ya tatu ya kozi ambayo watu huichanganya na hizi: vyeti vya taaluma moja. Titleist Performance Institute, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo inayosikika sana. Ngazi yake ya kwanza inahusu mwili na swingi, yaani namna ya kumpima mtu kama nyonga, mabega na vifundo vyake vinaweza kufanya kile unachotaka kumwagiza. Haina jaribio la kucheza. Naipenda sana kama nyongeza, hasa kwa atakayefundisha watu wazima, lakini haikufundishi namna ya kuendesha somo la kwanza la mtu asiyejua chochote. Usiichukue kama mbadala wa hizo mbili.

Kujitolea

Njia hii hudharauliwa kwa kuwa hailipi, na nadhani hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu zao. Programu za vijana huhitaji watu wazima wanaoujua mchezo, wenye subira na wanaofika kwa wakati. First Tee, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997, imejengwa juu ya wakufunzi wa kujitolea wanaofanya kazi pamoja na makocha waliofunzwa. Mashirikisho na klabu katika nchi nyingine huwa na programu zao, na wanaojitolea hupewa mafunzo mafupi ya usalama na ya malezi kabla ya kukabidhiwa watoto. Utakaguliwa historia yako, na ni haki ukaguliwe.

Hadhi ya ridhaa inabaki salama kwa sababu hulipwi. Bima mara nyingi ni ya programu. Na kitu ambacho njia nyingine mbili hazikupi haraka, hapa unakipata wiki ya kwanza: watoto kumi wenye fimbo mikononi, wote wanataka kupiga kwa wakati mmoja, na wewe ndiye unayepaswa kuamua nani asimame wapi ili asiumie mtu. Ukimudu kikundi hicho, somo la mtu mzima mmoja litakuwa mapumziko.

Upande wa pili: huchagui unachofundisha. Unafuata mtaala wa programu, huwezi kumshika mwanafunzi mmoja ukamfuata kwa miaka mitatu mpaka swingi yake ikomae, na anayependa uchambuzi wa kina atachoka. Wapo waliojitolea misimu kadhaa wakagundua kwamba walichokipenda ni watoto, si ufundishaji wenyewe, wakabaki hapo kwa furaha. Wengine waligundua kinyume chake.

Jambo ambalo hakuna cheti kinachokuhakikishia

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo mchezaji wa miaka mingi anapotofautiana na mwalimu, na ndipo pa kuzipimia njia hizi tatu.

Mtu aliyecheza tangu utotoni anajua mengi asiyoweza kuyasema. Mikono yake inajua. Ukimuuliza anafanyaje mpira ukate kushoto kuzunguka mti, atakujibu kwa yale aliyoambiwa zamani: elekeza uso wa fimbo kwenye lengo, halafu piga swingi kuelekea kulia. Kwa vizazi kadhaa ilifundishwa kwamba mpira huanza safari upande wa swingi, kisha hupinda kufuata uso wa fimbo. Rada za kufuatilia mpira, kama TrackMan iliyoanza Denmark mwaka 2003, zilionyesha wazi kwamba mambo si hivyo. Uso wa fimbo ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa mwanzo, kama asilimia 75 kwa fimbo za chuma na 85 kwa draiva. Mpinduko unatokana na tofauti kati ya uso huo na mwelekeo wa swingi. Anayefuata maagizo ya zamani neno kwa neno atauelekeza uso kwenye lengo lililo nyuma ya mti, na mpira utaugonga mti. Wachezaji wazuri waliyasema maagizo hayo na bado wakauzunguka mti, kwa sababu mikono yao ilikuwa ikifanya kitu tofauti na maneno yao.

Sasa mlete mwanafunzi wa mkono wa kulia ambaye mpira wake unaanza kushoto kidogo ya lengo kisha unakatika kulia na kuanguka. Uso wa fimbo unatazama kushoto kidogo ya lengo, ndiyo maana mpira umeanzia huko. Swingi inakwenda kushoto zaidi, ndiyo maana unapinda. Mchezaji mzoefu asiye mwalimu humwambia "elekea kushoto zaidi" ili mpira uangukie katikati. Somo linaisha kwa furaha, na wiki ijayo mpinduko umekuwa mkubwa maradufu, maana mwili ulioelekea kushoto umepeleka swingi kushoto zaidi. Mwalimu hutazama mshiko kwanza, kisha mabega yanaelekea wapi, kisha anampa zoezi moja la kupeleka fimbo kulia, na anaacha mengine yote kwa siku nyingine.

Kuna na suala la maneno. Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaoanza gofu waliokuwa wakijifunza mikwaju mifupi. Kundi moja liliambiwa lizingatie mwendo wa mikono yao, jingine lizingatie mwendo wa fimbo. Waliozingatia fimbo walijifunza vizuri zaidi. Tafiti nyingi zilizofuata katika michezo mingine zimeelekea upande huo huo. Matokeo hayo yanabadilisha sentensi za mwalimu. Badala ya "nyoosha mkono wa kushoto," unasema "acha uzito wa fimbo uivute mbali nawe." Badala ya "usiinue kichwa," agizo ambalo huwakaza shingo na kuwazuia wasimalize swingi, unamwambia "gusa nyasi mbele ya mpira, unionyeshe alama." Mwanafunzi ana kitu cha kufanya nje ya mwili wake, na ana ushahidi chini kwamba amekifanya.

Pima basi. Njia ya PGA inakupa miaka ya kuyazoea haya chini ya macho ya mtu. Kozi fupi inakutajia yote kwa haraka, kuyazoea ni juu yako. Kujitolea kunakupa mazoezi mengi, lakini nadharia utajisomea mwenyewe. Hakuna inayokupa vyote viwili kwa wingi ulio sawa, kwa hiyo chochote utakachochagua, jua mapema ni upande upi utaujaza wewe.

Harvey Penick, aliyeanza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, akiwa mtoto na kufundisha kwa miongo mingi katika Austin Country Club huko Texas, aliwalea Tom Kite na Ben Crenshaw, waliokuja kuwa mabingwa wa kulipwa, kwa wakati mmoja. Hakupenda mmoja atazame somo la mwenzake, kwa sababu alichomwambia huyu kingemharibu yule. Hilo ndilo mchezaji wa maisha yote anapaswa kulitafakari zaidi kuliko jambo lolote: swingi yako mwenyewe, iliyokubeba miaka yote hiyo, si mtaala.

Utafundishia wapi

Klabuni unapata heshima, wanachama wanaolipa kwa wakati na mpangilio, lakini unaingia kwenye ratiba ya mtu mwingine na mara nyingi unaachia sehemu ya kila ada. Uwanja wa mazoezi wa wazi unakodisha nafasi kwa saa au unachukua asilimia. Wanaokuja ni wanaoanza, wengi hawana fimbo zao, na baadhi hawarudi baada ya somo la pili. Kwa mwalimu wa kozi fupi huku ndiko kwenye kazi. Uliza kama ukodishaji unalipwa hata mvua ikinyesha.

Mtandaoni kunavutia kwa mtu mwenye kazi nyingine, kwani unachambua video usiku. Ila ubora wa uchambuzi unategemea simu imewekwa wapi. Kwa picha ya nyuma, kamera isimame kwenye mstari wa mikono ukielekea lengo, kwenye kimo cha mikono. Ikisogezwa hatua moja kando, swingi nzuri itaonekana mbovu na wewe utatibu ugonjwa ambao haupo. Mimi nafanya hivyo kwa wanafunzi niliowahi kuwaona ana kwa ana tu.

Bima usiichukulie mzaha popote utakapokuwa. Fimbo inayozunguka na mpira uliokosewa vinaumiza watu kweli. Uliza kwa maandishi bima ya uwanja inamlinda nani; mara nyingi si mwalimu wa nje.

Na kuna gharama moja ambayo haiandikwi kwenye fomu yoyote. Wanafunzi wana nafasi jioni na mwishoni mwa wiki, yaani zile saa ambazo wewe ulikuwa ukicheza. Njia zote tatu zitazila. Panga siku moja isiyoguswa kwa ajili ya mchezo wako, maana mwalimu aliyeacha kucheza husahau haraka hofu ya mkwaju wa kwanza mbele ya watu.

Ningechaguaje

Bado uko kwenye timu ya klabu na unaipenda: jitolee, na usipokee hata zawadi ya shukrani yenye thamani bila kuuliza shirikisho. Huna unachopoteza, na mlango wa njia nyingine utabaki wazi.

Una miaka thelathini na kitu, unacheza vizuri sana, na moyoni unajua kwamba kazi ya sasa utaiacha: nenda PGA. Usipite njia ya mkato ukidhani utairudia ndefu baadaye, kwani ukishaanza kulipwa ni vigumu kurudi darasani kwa miaka mitatu.

Umekaribia kustaafu au una kazi usiyotaka kuiacha, na unaowataka ni wanaoanza, vikundi vya wanawake, wazee au wafanyakazi wenzako: kozi fupi, pamoja na msimu mzima pembeni ya mwalimu mzoefu. Kati ya viwili hivyo, fedha zikitosha kimoja tu, anza na huo msimu. Kozi itakufaa zaidi ukiingia nayo na maswali ya kweli kutoka uwanjani.

Unawataka wachezaji wazuri, wenye handikapu ya tarakimu moja: hapo nasita kupendekeza njia yoyote kwa mtu wa muda. Hao wanahitaji mwalimu anayepatikana wiki nzima, mwenye vifaa vya kupimia na uzoefu wa kurekebisha bila kubomoa. Anza na wengine, uwafikie hao baadaye.

Na kama bado umegawanyika, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: msimu mmoja wa kujitolea kwanza, hadhi yako ikiwa salama. Katikati ya msimu huo zungumza na viwanja viwili vitatu kuhusu cheti wanachokubali. Ukiamua kuendelea, liandikie shirikisho lako uelezwe utaratibu wa kuacha ridhaa na wa kuirudia, upate jibu mkononi, ndipo ulipe ada ya kozi. Mwanafunzi wa kwanza wa kulipia awe wa mwisho kwenye orodha hiyo.